Takhi Mnadani: Farasi-Mwitu Asiye na Daftari

Mfikirie farasi anayeingizwa kwenye uwanja wa mnada wa mifugo huko Marekani, kibandiko cha namba kikiwa pajani. Ni mfupi, kichwa kikubwa, shingo nene. Singa za shingoni zimesimama wima kama za punda milia, wala hakuna unywele hata mmoja ulioangukia kipajini. Mdomo ni mweupe, mstari mweusi umekata mgongo mpaka mkiani, na miguuni kuna michirizi hafifu ambayo huioni mpaka usogee. Dalali hana muda wa kusogea. Anamnadi kama baghala au chotara, bei inapanda kidogo, inakwama, na mnyama anatolewa kwa mlango wa pili ili aingie mwingine.

Jambo la namna hii si la kubuni. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuhusu wanyama wawili waliopitia minadani kisha wakaangukia mikononi mwa vituo vya kuokoa farasi, mmoja Utah na mwingine Colorado. Waliowatunza waliona kwamba hawa si farasi wa kawaida. Wakapeleka nywele maabara, na vipimo vya vinasaba vikaelekeza kwa takhi, yule anayejulikana pia kama farasi wa Przewalski, ambaye asili yake ni nyika za Mongolia na Asia ya Kati.

Tusimchanganye na mustang. Mustang ni kizazi cha farasi wa kufugwa waliotoroka au kuachwa Marekani. Takhi ana kromosomu 66, farasi wa kufugwa ana 64. Wapo wanasayansi waliodai mwaka 2018 kwamba hata mababu wa takhi waliwahi kufugwa maelfu ya miaka iliyopita, na wenzao wakawapinga. Mjadala huo haubadilishi kitu hapa: takhi ni tawi la peke yake, na kwa Mongolia takhi wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1969. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, waliobaki duniani walikuwa nyuma ya uzio tu.

Ni rahisi kusema kosa ni la watu binafsi, kwamba mnyama adimu hapaswi kumilikiwa na mtu. Mimi pia ndivyo nilivyofikiri mwanzoni. Lakini historia ya takhi inakataa jibu hilo. Kati ya mwaka 1899 na 1903 vitoto vya takhi vilikamatwa nyikani kwa ajili ya matajiri wa Ulaya: Friedrich von Falz-Fein, mwenye shamba la Askania-Nova katika Ukraine ya leo, na Duke wa Bedford huko Uingereza, aliyehudumiwa na mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck. Ulikuwa ukamataji wa kikatili, wakubwa wakiuawa ili wadogo wachukuliwe, na vingi vya vitoto hivyo vilikufa njiani. Hata hivyo, takhi wote walio hai leo wanatokana na farasi 12 hivi waliotolewa porini, wengi wao wakiwa waliokamatwa miaka hiyo hiyo. Mikono ya watu binafsi iliwapora, na mikono hiyo hiyo ikabaki na mbegu.

Na si takhi peke yake. Choroa mweupe alipomalizwa na bunduki katika jangwa la Oman mwaka 1972, aliweza kurudishwa Jiddat al-Harasis mwaka 1982 kwa sababu kundi lilikuwa limekwisha kuanzishwa Phoenix, Arizona, na sehemu ya kundi hilo ilitoka kwenye mazizi ya watawala wa Ghuba. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bongo wa milimani, ambaye porini hapatikani nje ya misitu ya Kenya. Bongo 18 waliletwa kutoka Marekani mwaka 2004, wengine 17 wakaja kutoka Florida Februari 2025. Ni wajukuu wa bongo waliosafirishwa kutoka Kenya miongo mingi nyuma, na walirudi kwa sababu ilijulikana kila mmoja ni mtoto wa nani.

Hapo ndipo penye tofauti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la nasaba la takhi linatunzwa Prague tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na limeokoa zaidi ya uzio wowote. Jamii iliyozaliwa na mababu wachache hivyo haina nafasi ya kubahatisha. Ukimpandisha jike kwa binamu yake bila kujua, vitoto vinadhoofika, na damu iliyopotea haina pa kutafutwa. Ndiyo maana mwaka 2020 wataalamu walitumia seli za dume aliyeitwa Kuporovic, zilizogandishwa San Diego tangu mwaka 1980, wakazalisha kwa kloni mwanafarasi aitwaye Kurt. Kazi yote hiyo, kwa ajili ya damu ya farasi mmoja aliyekuwa ameandikwa! Na wakati huo huo, katika nchi hiyo hiyo, takhi aliye hai anaweza kuuzwa mnadani kama chotara.

Anafikaje huko? Takhi huishi kwa familia ya dume mmoja na majike kadhaa, lakini nusu ya vitoto ni madume. Kila bustani ya wanyama inayozalisha takhi itajikuta, muda si mrefu, na vijana wa kiume wasio na nafasi. Wanaopelekwa kwenye mashamba binafsi huenda kwa nia njema. Baadaye mwenye shamba anazeeka, anafariki, watoto wake wanataka kuuza ardhi, na makaratasi ya farasi yamekaa kwenye droo isiyofunguliwa na mtu. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, unambana anayevusha takhi mpaka wa nchi. Mauzo ya shamba kwa shamba ndani ya nchi hauyagusi. Na mnada wa Marekani ni mahali pa hatari: machinjio ya farasi ya huko yalifungwa mwaka 2007, lakini malori yaliendelea kubeba farasi kwenda kuchinjwa Mexico na Canada.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuwanyang'anya hawa wa vituo vya kuokoa. Waliona kile ambacho dalali hakukiona, wakatoa fedha zao, na wanastahili shukrani. Tishio la kunyang'anya litawafanya wengine wanyamaze, na takhi aliyefichwa hana faida kwa mtu. Ninayemdai ni yule aliyemtoa wa kwanza. Taasisi inayomtoa takhi katika kundi lake isiruhusiwe kunawa mikono siku ya makabidhiano. Itie chipu mwilini, iweke sampuli, idai taarifa kila mwaka, na mmiliki akishindwa, mnyama arudi kwenye taasisi hiyo kwa gharama ya taasisi yenyewe. Sheria ya nchi ifanye hayo kuwa sharti la kummiliki.

Kwa aliyekwisha kupotea bado kuna la kufanya. Zinang'olewa singa chache zenye mizizi, zinawekwa kwenye bahasha ya karatasi. Lakini jibu la maabara litasema ni takhi tu. Ili liseme ni wa ukoo gani, lazima sampuli za wazazi wake ziwepo mahali fulani, zikiwa na majina. Juni 2024 takhi saba kutoka Prague na Berlin walipelekwa Kazakhstan kwa ndege, kwenye nyika ambako jamii yao ilikuwa imetoweka kwa karne mbili hivi. Kabla ya safari, kila mmoja alikuwa ameshachaguliwa kwa kuangaliwa mama yake na baba yake.