Kwa nini tovuti yako ya nyumbani hupotea? Nyuma yake kuna uhaba wa anwani za intaneti

Umelipia jina la tovuti linaloishia na .tz au .ke. Kompyuta inayoihifadhi umeiweka nyumbani, usilipe kodi kwingine. Leo watu wanaifungua, kesho haifunguki. Jina ni lilelile. Kilichobadilika ni anwani ya IP, yaani namba ambayo kampuni ya intaneti imeipa nyumba yako.

Kampuni nyingi hazimpi mteja wa nyumbani namba ya kudumu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kupewa namba nyingine, huku jina likiendelea kuwaelekeza watu kwenye ile ya zamani. Dawa yake ni programu ndogo inayokaa kwenye ruta au kompyuta. Hukagua namba kila baada ya muda mfupi, na ikibadilika, husahihisha rekodi ya jina lako.

Sanduku moja, kijiji kizima

Kwa anayetumia intaneti ya simu, mara nyingi dawa hiyo haisaidii. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Ni kama kijiji kizima kutumia sanduku la posta la shule. Ukituma barua, mwalimu huandika daftarini nani katuma, na jibu likija hukufikia. Lakini barua ya mgeni ambaye hukumwandikia hubaki pale pale, kwa sababu mwalimu hajui ampe nani.

Uhaba na ugomvi

Chanzo ni uhaba. Mfumo wa zamani wa anwani, IPv4, una namba zipatazo bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu liliisha Februari 2011. Barani Afrika namba hugawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Tangu Januari 2020, mwombaji hupewa zisizozidi 1,024 kwa mara moja.

Juu ya uhaba ukaja ugomvi. AFRINIC ilidai kuwa kampuni ya Cloud Innovation, iliyokuwa na namba zaidi ya milioni 6, imekiuka masharti. Kampuni ilikana na kwenda mahakamani. Mwaka 2021 akaunti za AFRINIC zilizuiwa kwa muda, 2022 bodi ikakosa akidi, na 2023 mahakama ikateua msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa. Bodi mpya ilipatikana Septemba mwaka huo. Bila bodi, sera mpya za mgao hazina wa kuziidhinisha.

Njia iliyopo

Mfumo mpya, IPv6, una namba za kutosha kila simu kuwa na yake. Ila lazima kampuni yako iuwashe, na anayekutembelea awe nao pia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kompyuta, iulize kampuni yako maswali mawili: je, nitapata anwani yangu mwenyewe, au nitashiriki na wengine? Na je, mna IPv6? Jibu likiwa "hapana", kukodi nafasi kwingine kutakupunguzia hasara.