Akili Siyo Kibali cha Meza ya Bwana

Wapendwa, kuna fundisho limezoeleka mimbarini nami nalipinga: kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu kwa kuwa ana akili, na mnyama hakuumbwa hivyo kwa kuwa hana. Someni tena Mwanzo 1:26-27. Neno akili halimo.

Tena si kweli kwamba wanyama hawana akili. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mtaalamu wa maabara huchukua siku kadhaa. Mwenzao, Magawa, alizaliwa hapo akapelekwa Kambodia, akabaini mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu. Mtaniambia panya hajui bomu ni nini, anafuata kipande cha ndizi tu. Ni kweli, na hapo ndipo akili yake inapokoma. Lakini tusimcheke haraka. Wengi wetu tulisoma kwa ajili ya cheti. Na bomu lile, nani alilitega? Lilibuniwa na mtu mwenye elimu, likatengenezwa kwa hesabu sahihi kabisa, ili likate mguu wa mtu.

Sisemi tudharau akili. Ni kipawa, ndiyo maana Kanisa letu limejenga shule na vyuo. Ninachokataa ni kuifanya kipimo cha utu. Kipimo hicho kikishika, anayeumia si panya. Ni mtoto mwenye ulemavu wa akili, ambaye katika baadhi ya sharika zetu hafiki kipaimara kwa kuwa hawezi kukariri Katekisimo Ndogo. Wenzake wanavaa nguo nyeupe, yeye anabaki nyumbani na bibi. Mama yake hutoa sadaka na ahadi kama wengine, wala halalamiki. Amezoea kuona aibu.

Ajabu ni kwamba ndani ya Katekisimo hiyo hiyo, akieleza sehemu ya tatu ya Imani, Luther anafundisha kuwa hakuna amwendeaye Kristo kwa akili wala nguvu zake mwenyewe. Roho Mtakatifu ndiye aitaye. Tunamtaka mtoto akariri fundisho hilo, kisha tunamkataa kwa sababu ya akili yake! Na tulimbatiza akiwa mchanga, hajui hata jina lake.

Watasema Paulo anataka mtu ajihoji kabla ya kula. Ndiyo, 1 Wakorintho 11:28. Anzeni basi mstari wa 20, mwone aliwakemea akina nani: watu wenye akili timamu, walioshiba na kulewa huku wenzao wakikaa na njaa.

Darasa la kipaimara la mwaka huu lisianze bila watoto hao. Mwalimu atumie picha, nyimbo, mkate wenyewe mkononi. Na mzee wa kanisa atakayeuliza mtoto huyu anaelewa nini, atueleze kwanza yeye ameelewa nini kuhusu Mwili na Damu ya Bwana.