SI BARIDI, NI PAIPU FUPI



Tangu baridi ilipoingia mwezi wa Juni tumesikia wimbo mmoja katika kila karakana na kila barabara inayochimbwa. Paipu ya haidroliki ikipasuka, ni baridi. Fitingi ikivuja, ni baridi. Fundi akiumia mkono, ni baridi tena. Wasimamizi wameipenda sana baridi hii, kwa sababu haiwezi kuitwa mbele ya ofisa wa kazi ikaulizwa maswali.

Sisi tunaokaa Kawangware, tunaoondoka 46 kabla ya jua kutoka, hatuna haja ya kufundishwa Julai ni nini. Twaijua kwa miguu yetu. Tena ofisi kuu ya hali ya hewa iko pale Dagoretti Corner, si mbali nasi, kwa hiyo vipimo vya baridi ya Nairobi si siri. Usiku wa Julai joto hushuka mpaka digrii 10 au 11, mara chache chini ya hapo. Sasa ulizeni paipu yenyewe imetengenezwa kuvumilia nini. Paipu za kawaida za haidroliki hutengenezwa zifanye kazi mpaka digrii 40 chini ya sifuri. Mafundi wa Canada wanazifunga katika theluji. Wao wajua kwamba raba hukakamaa, basi huilaza paipu usiku katika chumba chenye joto na kuitoa saa ile ya kuifunga. Hakuna anayewacheka wala kuwaambia wanapoteza wakati.

Hatusemi kwamba baridi haina neno. Saa kumi na mbili asubuhi paipu ya inchi moja yenye tabaka nne za waya wa chuma ni ngumu kama gogo, na vidole vina ganzi. Lakini ugumu huo hupungua paipu ikiwekwa mahali penye joto kwa muda kidogo. Ugumu usiopungua hata saa sita mchana ni wa namna nyingine, nao umetoka mfukoni mwa mwajiri.

Paipu huuzwa kwa mita. Anayetaka kubakisha shilingi huagiza ikatwe fupi, kisha hutuambia tuivute ifike. Lakini paipu hiyo ya inchi moja haiwezi kupindwa ovyo. Ukiipinda kama kiatu cha farasi, miguu yake miwili yapaswa iachane karibu sentimita 68. Ukiibana zaidi ya hapo, waya wa ndani huanza kuvunjika. Tena ikipata presha hujivuta, na mita moja yaweza kupungua kwa sentimita 4. Basi paipu iliyokazwa kama kamba ya kuanikia nguo wakati injini imezimwa, itafanya nini injini ikiwashwa? Itang'oa fitingi. Hilo si jambo la kubahatisha.

Na wako ndugu zetu, twasema kwa uchungu, wanaojisifu kwa kazi hiyo. Fundi hodari kwao ni yule anayeweka goti, anaita mtaimbo, anaizungusha paipu mpaka ikubali. Angalieni ule mstari ulioandikwa juu ya paipu kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili. Ukiuona umezunguka kama nyoka juu ya mti, paipu imesokotwa, na maisha yake yamekatwa hata kabla ya kuanza. Huo si uhodari. Ni kumfanyia mwajiri uchumi wake kwa mikono yetu wenyewe.

Tutaje jambo lililotupata. Julai iliyopita tulikuwa watu wanne kwenye ekskaveta ya tani 20, kwa mwajiri ambaye hatutaandika jina lake hapa. Paipu ya mkono wa mashine ilipasuka. Iliyoletwa ilikuwa fupi. Tulisema, tukaambiwa lori zinangoja. Nyapara akaleta jiko la makaa akaiweka paipu juu yake ilainike, mpaka raba ya nje ikatoa moshi. Tukaivuta kwa mtaimbo. Injini ikawashwa. Kijana mmoja, kibarua wa siku tisa, akapitisha kiganja chini ya fitingi kutafuta panapovuja, kama alivyowaona wakubwa wakifanya.

Alisema amechomwa na mwiba. Hapakuwa na damu ya kutosha hata kuchafua kitambaa. Nyapara alimpa tambara na kazi ikaendelea. Jioni mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na katika hospitali vidole viwili vilikatwa.

Kila mtu na aelewe. Gurudumu la gari dogo lina presha ya baa 2 na kitu. Ekskaveta kama ile hufika baa 340. Baa 7 tu zatosha kuyapenyeza mafuta ndani ya ngozi kama sindano ya daktari. Kidonda huonekana kidogo, lakini mafuta yameingia ndani na yanaua nyama. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya presha, ili mkono upasuliwe na kuoshwa mapema. Asirudishwe nyumbani na dawa ya maumivu. Panapovuja hutafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa mkono. Na kabla ya kugusa fitingi yo yote mashine iteremshe ndoo yake chini, injini izimwe, leva zichezwe presha iishe.

Katika karatasi ya mwajiri yule sababu iliandikwa: baridi. Kijana aliambiwa kwamba kibarua hana haki. Huo ni uwongo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri apeleke habari ya ajali serikalini katika siku saba na alipe gharama za matibabu, na yatoa fidia kwa aliyepata kilema cha kudumu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka ule ule yasema kwamba mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi, wala halazimishwi kurudi hapo mpaka hatari iondolewe. Paipu fupi juu ya jiko ni hatari ya namna hiyo.

Tunataka paipu ikatwe kwa kipimo cha mashine, si kwa kipimo cha pesa zilizobaki. Tunataka stoo yenye joto na nusu saa ya kungoja, ilipwe kama kazi nyingine.

Ndugu, juu ya kila paipu imepigwa chapa ya ukubwa wake, presha yake na tarehe iliyotengenezwa. Kabla ya kuifunga, andikeni maneno hayo na urefu mliopewa, pamoja na jina la aliyewaamuru. Karatasi zote zipewe katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Wajumbe watazibeba watakapokwenda kuonana na ofisa wa kazi.