Ushuru una risiti, abiria hana tiketi

Makamanda, leo siongelei Katiba Mpya. Naongelea nauli ya mama yangu.

Nilikuwa likizo nyumbani Tunduma, nikampeleka mama kliniki Vwawa. Kwenda tulibanana kwenye Noah, siti ya watu watatu tukakaa wanne. Tukavumilia, si tumeshazoea? Shida ikawa kurudi. Tulilipa nauli ya kufika Tunduma mjini, lakini tulipofika Mpemba gari likasimama. Foleni ya malori ilikuwa imeanzia huko. Konda akafungua mlango: "Mwisho wa gari hapa, tushuke wote!"

Mama ana goti bovu. Nikamwambia konda basi aturudishie hela ya kipande kilichobaki. Akaniangalia, akacheka: "Dada, tiketi yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Gari zima hakuna aliyekuwa nayo. Tukachukua bodaboda mbili, tukalipa upya.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo lile swali liliniuma kuliko ile hela. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Ukilipa nauli ya Tunduma, mwenye gari amekubali kukufikisha Tunduma, siyo Mpemba. Haki ninayo. Nilichokosa ni ushahidi: nililipa shilingi ngapi, kwenda wapi, kwenye gari gani? Siku ile konda aliijua sheria kuliko mimi.

Sasa geuza upande wa pili. Gari likiingia stendi, halmashauri inachukua ushuru wake na mashine inatoa risiti hapohapo. Kumbe serikali inajua vizuri kazi ya karatasi! Hela ikiwa yake, karatasi ipo. Hela ikiwa ya mama anayetoka kliniki, karatasi haipo na hakuna anayeuliza.

Na msiniambie sheria haipo. LATRA ilianzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019 ikachukua kazi za usafiri wa ardhini zilizokuwa za SUMATRA. Inatoa leseni, inapanga ruti na nauli. Desemba 2023 nauli zake mpya zilianza kutumika: daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ikatoka shilingi 500 hadi 600, mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kukatisha ruti ni kosa. Lipo hata baraza la kututetea abiria, LATRA CCC. Kwenye makaratasi tuko vizuri sana. Ila huku kwetu konda ndiye mkataba, ndiye bei na ndiye rufaa.

Kumbukeni mkoa wetu ulizaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na tuliambiwa huduma zinasogea karibu. Mwaka huohuo Dar es Salaam mwendokasi ilianza kubeba abiria. Mwendokasi ina matatizo yake, wenzetu wa Kimara wanayajua. Lakini abiria wa kule ana kituo, ana tiketi, na anajua mlango wa kugonga akikasirika. Sisi hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa. Mahakama ya Hakimu Mkazi iko Vwawa. Mtu wa Sogea aliyeitwa kutoa ushahidi saa tatu asubuhi anategemea Noah inayoondoka ikijaa tu. Akichelewa, hakimu hataki kusikia habari za Noah. Ofisi imesogea, njia ya kuifikia haijapangwa.

Malori yenyewe yalifikiriwa. Oktoba 2019 marais wawili walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ili mizigo ivuke haraka. Sipingi, mpaka ndiyo shamba letu. Nauliza tu: ni lini kiongozi yeyote alikaa mezani akapanga namna abiria wa Mpemba atakavyofika mjini siku ya foleni?

Tusimgeuze konda kuwa adui. Jioni bosi anamdai hesabu, na akikaa kwenye foleni masaa matatu mafuta yanaungua na hesabu haitimii. Anatubana kwa sababu naye amebanwa. Wa kudaiwa ni wenye mamlaka ya kupanga na wanaokusanya ushuru.

Kwa hiyo tudai vitu vinavyopimika. Kwanza, kibao cha nauli na ruti kila stendi, Tunduma, Vwawa na Mlowo, chenye herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma. Pili, gari lisipewe nafasi ya kupakia stendi kama halitoi tiketi, hata kwa safari fupi. Tatu, siku za foleni pawe na sehemu rasmi ya kushushia, na anayeshushwa njiani arudishiwe nauli ya kipande kilichobaki. Nne, halmashauri itangaze ushuru wa stendi umekusanywa kiasi gani na umejenga nini. Choo? Taa? Banda la kujikinga na mvua?

Na sisi wenyewe tujiseme. Tunapost sana, tunahudhuria kidogo. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, lakini viti vya nyuma viko vitupu. Chama kinachotaka kuongoza nchi kianze kwa kujua nauli halali ya Vwawa ni shilingi ngapi.

Wiki hii anza na kitu kimoja. Ukipanda gari, kabla hujatoa hela, sema kwa sauti abiria wenzako wasikie: "Naomba tiketi." Konda akicheka, aliyekaa pembeni yako naye aombe. Mmoja akiomba ni kichekesho. Gari zima likiomba, konda atampigia bosi simu.

Nguvu ya umma ianzie kwenye siti ya nyuma.