Uji wa Mtoto na Ushuru wa Dagaa

Mwezi uliopita nilimsindikiza mwanafunzi wangu wa uzamili hadi mwalo wa Igombe, hapa Ilemela, alikokuwa akikusanya data za tasnifu yake. Tulifika kukiwa bado na giza, mitumbwi ya dagaa ikirudi na taa zake zikififia majini. Kulipopambazuka niliona jambo ambalo tangu siku hiyo halijanitoka akilini. Mtoto wa umri wa miaka miwili hivi alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, mkono mmoja umeshika andazi, mwingine kikombe cha plastiki chenye chai ya rangi. Mbele yake, nyuma yake na pande zake zote palikuwa na dagaa walioanikwa, mchanga wote umegeuka rangi ya fedha.

Nilimuuliza mama yake, kwa ule ujinga wetu wa wasomi, kwa nini mtoto asipewe dagaa asubuhi. Hakukasirika. Alinijibu huku akiendelea kutandaza: “Mwalimu, hawa si wangu. Changu mimi ni ujira wa kuanika. Na saa hizi mitumbwi ndiyo inaingia, nani atabaki nyumbani kumpikia uji?”

Ndugu msomaji, katika majibu hayo mawili mna somo ambalo sikulipata katika miaka yangu yote ya udaktari wa falsafa. Mjadala wetu kuhusu chakula cha mtoto mdogo tumeujenga juu ya dhana kwamba mama hajui. Basi tunaandaa semina, tunabandika mabango zahanati na kuwaita akina mama wapewe elimu. Elimu ni jambo jema. Lakini mama yule anajua. Anachokosa ni umiliki wa samaki anaowaanika, pamoja na saa moja ya asubuhi.

Kabla sijawanyooshea wengine kidole, nianze na nyumba yangu. Mtoto wetu wa mwisho alipotimiza mwaka mmoja nilinunua kwa fahari mfuko wa unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu tisa: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga na mbegu za maboga. Niliamini kwamba wingi wa majina ndio wingi wa lishe. Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyenitoa tongotongo. Aliniuliza: “Baba, kati ya hizo tisa, nafaka ni ngapi?” Nilihesabu, nikapata sita. Nafaka ikichanganywa na nafaka hubaki nafaka. Akaniongezea kwamba karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huweza kubeba sumukuvu, ambayo mtoto hawezi kuiona wala kuionja. Sisi Watanzania hatuna haja ya kusimuliwa habari hiyo kutoka mbali, kwani mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, na mojawapo ya mambo uliyoyasisitiza ni kwamba mtoto wa umri huo ale kila siku chakula chenye asili ya mnyama: nyama, samaki au yai. Hapa kwetu kando ya ziwa neno “samaki” lina jina la nyumbani. Dagaa huliwa mzima mzima, mifupa na yote, na humo ndimo iliwamo madini ya chokaa, chuma na zinki. Chai ya rangi, kinyume chake, huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Na tuzingatie kwamba katika nchi hii zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Mtoto yule wa Igombe alikuwa amezungukwa na dawa, mkononi ameshika kinachoizuia dawa.

Sasa dagaa hao huenda wapi? Ukifika soko la Mwaloni Kirumba utaona magunia yakipakiwa kwenda Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko. Sina ugomvi na biashara hiyo; imesomesha watoto wengi, wakiwamo baadhi ya wanafunzi wangu. Lakini sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili huishia viwandani kuwa chakula cha mifugo. Wale walioanikwa mchangani, au walionyeshewa kabla ya kukauka, hushushwa daraja na kuitwa “dagaa wa kuku”. Hapo ndipo hasara inapozaliwa. Chanja ya kuanikia, ambayo ni nguzo za miti na wavu tu, humtoa dagaa mchangani na kumpandisha tena daraja la chakula cha binadamu. Hii si teknolojia ya kuagizwa ng'ambo. Hata hivyo, katika mialo mingi chanja bado ni chache, na mvua za masika zinapokuja tunaona rundo kwa rundo likioza.

Halafu kuna suala la mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, wavuvi hupumzika na bei sokoni hupanda. Mlo wa mtoto unaotegemea ujira wa kuanika hupungua na kuongezeka kwa kufuata mwezi angani. Bango gani la zahanati linaweza kutatua hilo?

Nisieleweke vibaya: yapo ambayo familia inaweza kuyafanya, na wengi wanayafanya bila kufundishwa na mtu. Dagaa walioondolewa vichwa na mchanga, wakakaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa, huwa unga ambao kijiko chake kimoja hutosha katika sufuria ndogo. Tatizo ni kwamba mtoto aliyezoea uji wa sukari hukunja uso na kuutema. Hili nimelishuhudia mezani kwangu. Lakini nani alituambia kwamba kifungua kinywa cha mtoto lazima kiwe uji, tena mtamu? Unga huohuo ukiwekwa katika viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopondwa, ambavyo watafiti wetu, wakiwamo wa Ukiriguru, wamevihangaikia kwa miaka mingi, mtoto hali vitamini A na samaki kwa wakati mmoja tu. Anaomba na kingine. Ugali wa jana uliopashwa moto vizuri pamoja na mchuzi wa dagaa ni kifungua kinywa halali kabisa. Na kama ni uji, basi uwe mzito. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kitanzania walionyesha kwamba unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, hulegeza uji mzito, hivyo kikombe kilekile kikabeba chakula kingi zaidi. Bibi zetu walikijua kimea kwa kazi nyingine, ya pombe.

Hata hivyo, mapishi hayajibu swali la nani yuko nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Hapa naomba turudi nyuma kidogo, mkoani Iringa.

Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe uliosaidiwa na WHO na UNICEF, ukianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji, na viongozi wakatakiwa kueleza ni nini kinawadhoofisha watoto wao na watafanya nini. Palianzishwa pia mahali pa kuwalishia watoto wakati mama zao wako shambani. Utapiamlo mkali ulishuka sana, na wageni wakaja kujifunza. Leo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 unaonyesha udumavu wa asilimia 30 kitaifa, na mkoa ulioongoza ni Iringa huohuo, kwa takriban asilimia 57. Najua uzito na udumavu ni vipimo tofauti, na sidai kwamba sababu ni moja. Lakini Iringa haikosi mahindi. Kilichokoma ni kile kikao cha kijiji ambamo mwenyekiti alipaswa kujibu kuhusu uzito wa mtoto wa jirani yake.

Nafasi ya kikao hicho tumeiweka karatasi. Kwa mikataba ya lishe iliyoanza kutiwa saini mwaka 2017 baina ya serikali kuu na wakuu wa mikoa, kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Kwa bei ya duka la mtaani kwangu, hayo ni mayai mawili, matatu ukibembeleza. Najua fedha hizo hazikukusudiwa kununulia mayai. Ni za huduma na usimamizi. Lakini kiasi hicho kinatuambia mtoto amewekwa nafasi ya ngapi.

Wakati huohuo, halmashauri hizohizo hutoza ushuru kwa dagaa. Napendekeza kwamba sehemu ya ushuru huo ibaki mwaloni ulikokusanywa, isimamiwe na kikundi cha BMU pamoja na akina mama waanikaji, na ifanye kazi mbili tu: chanja, na banda lenye jiko na mlezi mmoja anayelipwa, ambapo watoto watapata chakula chenye dagaa wakati mitumbwi inaingia. Watumishi wa halmashauri wanaosoma makala haya watasema kwamba kifungu hicho hakimo katika bajeti. Ni kweli. Ndiyo maana naandika sasa, kabla haijafungwa.

Kamati ya maendeleo ya kata yetu inakutana wiki ijayo, na nimeomba nafasi ya kuhudhuria. Nitauliza ushuru wa dagaa wa mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na zile shilingi 1,000 zilinunua nini. Mwanafunzi wangu ameniahidi kumleta mama yule wa Igombe, iwapo kikao hakitapangwa asubuhi.