Samaki na Kidonda cha Jino

Katika nchi za Malesia na Indonesia yuko samaki wa mito na mabwawa aitwaye haruan. Waindonesia humwita gabus. Kichwa chake chafanana na cha nyoka, naye aweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Tangu zamani mwanamke aliyejifungua, na mtu aliyepasuliwa, hupikiwa mchuzi wa samaki huyu ili kidonda kifunge upesi. Habari hii haikubaki masimulizi ya wazee tu. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa vyuo vikuu vya huko wamemchunguza, wakaona nyama yake ina albumini nyingi, na vitu vingine ambavyo mwili huvitumia kujenga nyama mpya. Wako waliotengeneza marhamu kwa maji ya nyama yake, wakaijaribu kwa panya waliong'olewa meno. Matokeo yanatia tamaa, lakini hayajatosha kuifanya kuwa dawa ya nyumbani.

Sababu ni hii. Jino ling'olewapo, shimo hujaa damu, na damu hiyo huganda. Donge lile ndilo kifuniko cha mfupa, na ndani yake nyama mpya huota. Likitoka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi, na baada ya siku 2 au 3 huja maumivu makali yapandayo hata sikioni. Basi mama asimtie mwanawe shimoni mafuta ya samaki, wala ngozi yake, wala unga wowote. Siku ya kwanza mgonjwa asisukutue wala asifyonze kitu. Na sigara asiiguse kabisa (nayo ina mlango wake, si leo). Zikipita saa 24, asukutue taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Samaki na apite njia ya tumboni. Apikwe hata alainike, atolewe miba, na mchuzi usiwe wa moto. Si lazima awe haruan. Changu wetu naye hujenga mwili. Ila ambaye samaki humdhuru, asile.

Liko jambo jingine la kumwuliza daktari. Pengine hutia shimoni kipande mfano wa sifongo, kilichofanywa kwa kolajeni. Nyingi hutoka kwa ng'ombe, na baadhi kwa nguruwe. Ile ya samaki yachunguzwa, lakini huyeyuka kwa joto dogo kuliko ya wanyama wa nchi kavu, hivyo lazima kwanza itiwe nguvu. Kwa hiyo mwulize kabla hujaketi kitini: hiki chatokana na mnyama gani, na je, kipo kingine?