Dunia Bapa: Kisasili cha Karne ya 19

Miongoni mwa dhana zilizokita mizizi katika uhakiki ni ile idaiyo kwamba watu wa Ulaya ya Zama za Kati waliamini dunia ni bapa, hadi Christopher Columbus alipowazindua mwaka 1492. Dhana hii hupenya hata katika tasnifu, ambamo “mtazamo wa Zama za Kati” hutumiwa kama kisawe cha ujinga. Mhakiki anayeikumbatia hana budi kuulizwa: ni matini gani aliyoisoma?

Matini zenyewe zinamkana. Mwaka 725, Bede, mtawa wa Uingereza, alieleza kwamba dunia ni mviringo kama mpira, wala si kama ngao, na kwamba umbo hilo ndilo lisababishalo urefu wa mchana kutofautiana. Katika karne ya 13, Johannes de Sacrobosco aliandika kitabu kilichofundishwa vyuoni kwa karne kadhaa. Humo alionyesha kwamba baharia aliye juu ya mlingoti huiona alama ya pwani kabla ya mwenziwe aliye chini yake. Katika ulimwengu wa Kiislamu, al-Biruni (973–1048) alikuwa amekwisha kukadiria ukubwa wa dunia kwa kupima kimo cha mlima.

Ushahidi ulio karibu zaidi na taaluma ya fasihi ni wa Dante, aliyefariki mwaka 1321. Katika Divina Commedia, wasafiri wawili wanateremka hadi kitovu cha dunia, wanageuka, kisha wanatokea upande wa pili, chini ya nyota za anga ya kusini. Msuko huo wote unaporomoka iwapo dunia ni bapa.

Watetezi wa dhana hiyo watawataja Lactantius wa karne ya 4 na Cosmas wa karne ya 6. Naam, hao waliukana umbo la tufe. Lakini kuwafanya wasemaji wa zama nzima ni sawa na kuuhukumu utenzi kwa ubeti mmoja.

Hadithi hii imetoka wapi, basi? Mwaka 1828 Washington Irving, mtunzi wa hadithi, alichapisha wasifu wa Columbus, akautia chumvi mjadala wake na wasomi wa Hispania. Mjadala wa kweli ulihusu umbali: Columbus aliikadiria dunia kuwa ndogo kuliko ilivyo, na wapinzani wake hawakukosea. John William Draper (1874) na Andrew Dickson White (1896) wakaieneza hadithi hiyo kama ithibati ya vita kati ya dini na sayansi. Karne ya 19 ilihitaji giza la wengine ili mwanga wake uonekane.

Kwa msomi wa Afrika Mashariki, suala hili si la kando. Kisasili kinachoifanya Ulaya izinduke ghafla mwaka 1492 ni pacha wa kile kinachoifanya pwani hii “ivumbuliwe” mwaka 1498. Ilhali Ibn Battuta alikwisha kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na Vasco da Gama mwenyewe alihitaji rubani kutoka Malindi ndipo afike Calicut. Anayelaani kisasili cha pili huku akifundisha cha kwanza anafukuza moshi na kuchochea moto. Zama hazihukumiwi kwa uvumi, husomwa kwanza.